Misheni za wizi Abah's Landing: kila nikikaribia mlango wa kutokea naonekana. Tatizo ni nini?

ChuiWaNkuhungu

Wakuu, salaam. Swali langu ni la gemu ya mtandaoni, The Elder Scrolls Online, kwa wale mliojiunga na Chama cha Wezi kule Abah's Landing. Nazungumzia zile misheni za kuingia mahali, kubeba mzigo na kutoka bila kuonekana, tena kabla muda haujaisha. Hii wiki ya tatu sijapata bonasi zote mbili kwa pamoja. Nikiwahi muda, nimeonekana. Nisipoonekana, muda unaniishia nimejikunyata nyuma ya pipa kama kuku aliyenyeshewa.

Ya jana ndiyo imeniuma. Nina duka la stesheneri hapa Nkuhungu, nafunga saa mbili usiku, nakula, mtoto analala saa nne, ndipo naanza. Sisi ni chumba na sebule, kwa hiyo hata mimi mwenyewe nacheza kwa kunyata. Mausi nimeitandikia kanga iliyokunjwa mara nne isigonge meza, sauti nimetoa, taa nimezima, nabaki na mwanga wa laptopu tu. Nilikuwa Secluded Sewers. Walinzi wote nimewapita, mzigo ninao, muda umebaki kama dakika moja na nusu, na mlango nauona. Amebaki jamaa mmoja kanipa mgongo. Nikasema huyu namzunguka kwa kushoto. Nikaenda, na naapa kwenye kioo changu alikuwa bado kanipa mgongo. Ghafla lile jicho la katikati ya kioo, linalofumbuka ukionekana, likafumbuka lote, na jamaa huyu hapa usoni na upanga. Nikapiga meza. Mtoto akaamka. Mama yake hakusema neno, alinitazama tu. Mliooa mnaelewa.

Mhusika wangu ni Khajiit (jamii ya watu-paka), Nightblade (aina ya mpiganaji wa kujificha), levo 34. Nimemvalisha vazi zito kuanzia kichwani hadi miguuni kwa sababu mapangoni nilikuwa nakufa hovyo. Niko sava ya Marekani Kaskazini. Siku naanza sikujua kama kuna tofauti, nikabonyeza iliyokuwa mbele yangu. Usiku pingi, yaani muda wa taarifa kwenda sava na kurudi, inacheza milisekunde 280 hadi 320, na hapo modemu nimeiweka dirishani.

Sasa niambieni: mtandao, mavazi, au mimi?

Kibajaji_Area_C

Wewe.

Kibajaji_Area_C

Natania, ila si sana. Khajiit ana zawadi ya kuzaliwa: umbali wa kugunduliwa akiwa ameinama unapungua mita 3. Halafu mtu huyo unamvalisha vazi zito! Ni sawa na kumvika paka njuga.

Vaa vazi la kati. Kwenye ujuzi wa vazi hilo kuna kipengele cha kunyata. Ukikilipia pointi, kila kipande ulichovaa kinapunguza eneo la kuonekana kwa asilimia 5. Vipande viko saba, piga hesabu mwenyewe.

Ukitaka na mwendo, tafuta seti (mavazi ya jina moja yanayotoa nguvu ukiyavaa pamoja) ya Night's Silence. Ukivaa vipande vitano, kuinama hakukupunguzii kasi, unanyata huku unatembea kama kawaida. Inatengenezwa kwenye vituo vya Auridon, Glenumbra na Stonefalls, ila fundi lazima awe ametafiti sifa 2 (zile nyongeza za ubora, traits) kwa kila kipande. Kama hujatafiti, omba mtu kwenye chama chako cha wachezaji akutengenezee, wengi wanafanya kwa gharama ya malighafi tu.

Kuna wanaokwenda kuwa vampaya kwa ajili ya mwendo huohuo. Mimi sikushauri. Moto utakuunguza kuliko wenzako, na ukifika hatua ya nne wauza duka wanakukataa. Wewe mwenye duka unajua mteja wa kukataliwa anavyojisikia.

ChuiWaNkuhungu

Sikujua hiyo ya asilimia 5. Pointi 11 ninazo zimekaa tu. Na mtandao je? Nihamie sava ya Ulaya?

Kibajaji_Area_C

Utahama wewe, paka wako atabaki. Mhusika wa sava moja haendi nyingine, utaanza levo 1. Mimi niko Ulaya na pingi yangu ni 190 hivi hapahapa Dodoma, lakini nilianzia huko. Kwa levo 34 ningebaki.

Ila elewa 300 maana yake nini. Ni karibu theluthi ya sekunde kwenda na kurudi. Yule mgongo uliouona ulikuwa mgongo wa zamani kidogo. Kwenye sava jamaa alishaanza kugeuka. Kwa hiyo usimpitie mtu karibu kwa kipimo cha macho yako. Ongeza hatua mbili tatu. Na wewe ni Nightblade, una Shadow Cloak ya kupotea sekunde chache. Ibonyeze kabla ya kona, usisubiri jicho lianze kufumbuka. Likianza, kwako umeshachelewa.

MzeeWaLindo

Habari zenu vijana. Mimi naandikia Singida. Gemu hii nacheza kwa kompyuta ya mwanangu akiwa chuo, na kazi yangu ni ulinzi wa usiku, ghala la alizeti, mwaka wa sita huu. Kwa hiyo nitasema kama mlinzi.

Nina mzunguko wangu. Naanzia getini, napita mizani, nazunguka nyuma kwenye magunia ya mashudu, natokea tangi la maji, narudi getini. Kila nikifika tangini nasimama. Hakuna sababu. Mwaka wa kwanza kulikuwa na bomba linavuja nikawa nalikagua, bomba likatengenezwa, miguu ikabaki na desturi. Na nikiwa pale huwa natazama barabarani, nyuma sitazami. Mwizi ambaye angekaa gizani raundi mbili tu angeyajua yote hayo kuliko bosi wangu anavyoyajua. Namshukuru Mungu wezi wa huku wana haraka.

Na wewe, kaka, una haraka. Nimesoma maelezo yako: ulimwona mgongo, ukaenda. Hukusema alikuwa amesimama pale kwa muda gani, wala akitoka pale huwa anaelekea wapi. Walinzi wa kwenye gemu ni wavivu kuliko mimi, njia yao ni ileile. Nenda Secluded Sewers siku moja bila nia ya kushinda. Usibebe kitu. Kaa pembeni, mtazame huyo wa mwisho mpaka azunguke na kurudi, uhesabu kimoyomoyo. Mimi nilikaa na wangu nikapata kumi na nne kutoka kona hadi kona. Huo muda utaulipa siku hiyo moja, kesho yake unatembea.

La pili, mfuate nyuma. Watu wanasubiri mlinzi apotee ndipo watoke, hapo ndipo dakika zinakwisha. Alipotoka yeye sasa hivi ndipo pako wazi. Ila wale wenye taa waache kabisa, ukiingia kwenye mwanga wao kuinama hakukusaidii.

Mtu_wa_Makole

Watu wazima mnafundishana wizi, na mlinzi ndiye mwalimu. Nchi hii.

MzeeWaLindo

Ndugu, mimi mchana huwa nalala. Ungekuwa na hoja ungeileta usiku.

ChuiWaNkuhungu

Narudi na mrejesho, siku ya nne leo.

Vazi zito nimeuza. Vazi la kati nimevaa vipande vyote saba, pointi nimelipa, seti bado. Jumanne nilifanya alivyosema mzee, nilikaa Secluded Sewers kama mgeni aliyekosa basi, namtazama yule jamaa. Kumbe baada ya kusimama huwa anageukia kushoto. Kushoto kulekule nilikokuwa nampitia mimi, kila siku, wiki tatu. Nilicheka peke yangu gizani.

Jumatano umeme ukakatika, ikawa basi. Jana nikaingia kwa kweli. Kumi na moja, kumi na mbili, jamaa akageuka, nikapita kulia kwake na Shadow Cloak nimeshaibonyeza mapema. Jicho lilitikisika kidogo likafumba. Nimetoka na sekunde ishirini na kitu mkononi. Bonasi zote mbili, wakuu. Nilitamani kupiga kelele, nikauma kanga.

Asanteni. Mzee, shikamoo.

MzeeWaLindo

Marahaba. Na mtoto hakuamka?

ChuiWaNkuhungu

Mtoto hakuamka. Nilipofunga laptopu ndipo nikamwona mama yake kasimama mlangoni, kaegemea fremu, kajifunga shuka. Nikamuuliza yuko pale tangu saa ngapi, akasema tangu unahesabu. Sikumsikia hata kidogo.