Mguu wa mashine ya boti unaliwa na chumvi

Mvuvi wa Kilindoni: Wakuu, nina Yamaha 40. Karibu na pangaboi rangi imevimba, ukiibandua unakuta unga mweupe na vishimo. Oili ya gea bado safi. Nifanyeje?

Fundi Mashine: Oili safi maana yake sili (mipira inayozuia maji kuingia) zimeshika, ingekuwa nyeupe kama maziwa ningekwambia ufungue leo leo. Kwarua unga wote kwa brashi ya chuma cha pua mpaka aluminiamu ing'ae. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke kabisa, ziba vishimo kwa epoksi, kisha praima ya aluminiamu (rangi ya msingi), ndipo rangi yenyewe. Halafu kagua zinki, kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye mashine ili kiliwe badala ya mguu: ikiliwa nusu, weka mpya. Na tafadhali usiipake rangi! Watu wanaipendezesha, basi inaacha kazi, chumvi inahamia kwenye mguu wenyewe.

Nahodha wa Mafia: Ile rangi nyekundu ya chini ya boti inafaa?

Fundi Mashine: Kama ina shaba, isiguse mashine hata kidogo. Shaba ndani ya maji ya chumvi inaila aluminiamu.

Mvuvi wa Kilindoni: Kumbe! Zinki yangu imepakwa rangi nyeusi. Naikwarua kesho.

Fundi Mashine: Usiikwarue, nunua nyingine. Na ukitia nanga, inua mguu utoke majini.