Mrejesho: nyumba sasa inanukia udi

Wale mlinisaidia wiki jana nilipouliza nifanyeje bedsita yangu hapa Umoja, Nairobi, iache kunuka omena na unyevu, asanteni sana. Nilienda Eastleigh nikanunua udi na chetezo kidogo cha udongo cha kuufukizia juu ya makaa, mama muuzaji akaniambia nisiharakishe, ningoje makaa yavae jivu jeupe ndio nitie kipande kidogo tu. Mara ya kwanza sikungoja, udi ukaungua nikabaki na moshi mtupu, ya pili nikatulia na jamani, ukaanza kutoa mafuta ukichemka polepole, mapazia na leso zikashika harufu mpaka asubuhi! Dirisha naacha wazi, hewa ya makaa si ya kuchezea. Mishumaa ya supamaketi nimeachana nayo.