Wauzaji wa brosha za magari za zamani Mombasa, nani aliyewatuma kupiga lamineti?

Wadau, salamu leo ni fupi. Mwenye nia ya kuniambia "si karatasi tu hiyo, bwana" namwomba apite, nyuzi ziko nyingi humu.

Nimenunua brosha ya Peugeot 404 kwa muuzaji mmoja wa hapa hapa Mombasa. Jina simtaji, lakini wengi wenu mmeshawahi kununua kwake. Tangazo lilikuwa na picha mbili, jalada na ukurasa wa katikati, na maneno "orijino, hali safi kabisa". Nikamwuliza kwa ujumbe: nyuma ikoje, na pini za kubania kurasa zimeshika kutu? Akanijibu, "Ami, iko safi, hata vumbi haina." Nikamtumia sh. 4,500 kwa simu. Bahasha ikaletwa na kijana wa bodaboda, nikaifungua hapo hapo mlangoni. Pini zimeng'olewa. Kila karatasi imetiwa ndani ya plastiki na kupigwa lamineti ya moto. Kingo zimekatwa pande zote nne ili zitoshe kwenye mfuko wa A4. Kisha, kana kwamba bado hajaridhika, akatoboa matundu upande wa kushoto na kuzifunga kwa ile springi ya plastiki ya ripoti za wanafunzi wa chuo.

Nikampigia. Unajua aliniambia nini? "Ami, mimi nimekufanyia hisani. Mombasa hii na unyevu wake, ningekupa vile vile mende wangeimaliza kabla ya Ramadhani."

Hisani! Huyu ni mtu aliyekaanga mtama usiliwe na fukusi, kisha akamuuzia mkulima kama mbegu.

Kwa wale wasiojua lamineti hufanya nini, nawaeleza, maana naona kuna watu humu wanaisifu. Ule mfuko una gundi ndani. Ukipita kwenye mashine, gundi inayeyuka kwa moto na kushikana na wino wenyewe. Haitoki tena. Ukijaribu kuibandua, unaondoka na picha, karatasi inabaki na makovu meupe. Na ule unyevu anaouogopa yeye hajautoa, ameufungia ndani, kwa sababu karatasi ya Mombasa huwa imeshakunywa unyevu wake kabla haijafika kwenye mashine. Mkusanyaji yeyote, awe wa hapa au wa Ulaya, akisikia brosha imepigwa lamineti anaihesabu kama picha ya ukutani. Bei inaanguka palepale.

Lakini lamineti ningeweza kuilia na kunyamaza. Lililonichoma ni mkasi.

Brosha nyingi za miaka ile zina msimbo mdogo wa uchapaji, herufi na tarakimu chache chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, ndogo hata hutaziona usipoelekezwa. Hapo ndipo unapojua ilichapwa lini, wakati mwingine hadi mwezi. Hapo chini pia ndipo ajenti wa kuuza magari alipokuwa akigonga muhuri wa duka lake. Brosha ya 404 iko duniani kwa maelfu, ilichapwa kwa lugha kadha wa kadha. Ila brosha ya 404 yenye muhuri wa duka la Mombasa ni kitu kingine kabisa, hiyo ilikaa kwenye kaunta ya mji huu na mtu wa mji huu akaichukua akaenda kuitazama nyumbani. Yangu ilikuwa nao. Najua ilikuwa nao kwa sababu mkasi haukuumaliza. Imebaki nusu ya juu ya mstari mmoja wa wino wa zambarau, na ukikaza macho unasoma "NDINI ROAD". Kilindini Road, wadau. Barabara ambayo leo twaiita Moi Avenue. Jina la duka limekatwa, mwaka umekatwa, viko kwenye pipa la taka la mtu wa steshenari.

Na mwaka ndio niliokuwa nautaka. Vijana wanaijua 404 kama pikapu ya kubebea nazi. Gari hili lilitoka 1960, mchoro wa Pininfarina, injini ya 1,618 cc, na likaja kuitesa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya 404. Mwaka 1966 na 1967 wakashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, watu wa Tanzania, 404 tena. Kisha 1968, ile ya mvua na tope, yakaondoka magari 93 na yakamaliza 7 vile vile, na aliyekuwa mbele ni Nowicki na Cliff, 404 kwa mara ya nne. Sasa brosha iliyochapwa kabla ya 1963 ni ya gari la familia la Kifaransa. Ya baada ya hapo ni ya bingwa wa Safari. Ni vitu viwili tofauti, na pesa zake tofauti. Yangu ni ipi? Muulizeni mwenye mkasi.

Kwa vile alivyokata nikaanza kumshuku zaidi. Nikasema labda amekata makusudi, labda hii ni kopi ya rangi na hakutaka nione chini. Nikaipeleka kwa sonara mmoja Mji wa Kale ninayefahamiana naye, nikamwomba lenzi yake ya kukagulia vito. Ukiangalia uchapaji wa kiwandani kwa lenzi, picha zimeundwa na nukta za rangi nne zilizojipanga kwa mviringo kama vijiua vidogo, lakini maandishi meusi ni meusi matupu, ukingo wake mkali. Kopi iliyotolewa kwa kuskani haiwezi hivyo. Herufi zake nazo huwa zimeundwa na nukta za rangi, na ukingo unavuja. Nikaangalia picha, nikaangalia herufi, nikaangalia tena.

Ni orijino.

Afadhali ingekuwa bandia! Bandia ningedai pesa zangu na kuondoka. Hii ni karatasi iliyovuka zaidi ya nusu karne ya joto la Mombasa, mende, mchwa, watoto na nyumba kuhamwa, ikafika salama mpaka siku ilipoangukia mikononi mwa mtu mwenye mashine.

Na si yeye peke yake, ndiyo maana nimefungua uzi. Kuna mtindo umeingia. Mtu anapata programu ya Safari au brosha ya Datsun 240Z, anaichambua ukurasa kwa ukurasa, anatia fremu na kuuza kwa mikahawa na hoteli za ufukweni. Kitabu kimoja kinakuwa fremu kumi na mbili. Niliona ukurasa wa 240Z kwenye mkahawa mmoja upande wa Nyali, umetundikwa mkabala na dirisha la jua la asubuhi. Gari lile, ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo 1971 na Shekhar Mehta akashinda nalo 1973, limegeuka samawati lote pamoja na barabara na watu. Wino wa manjano na wa majenta ndio unaokufa kwanza juani, unabaki ule wa samawati na mweusi. Nilimwambia kijana wa pale, akaniambia wateja wanapenda "ile rangi ya zamani". Basi.

Wapo na wale wa kopi hasa. Juzi kuna mtu alikuwa akizungusha brosha ya Ford ya miaka ya 1930 kwa bei ya kukodi nyumba. Wadau, tumieni ile taa ya kukagulia noti bandia, kila duka la pesa lina moja. Karatasi za kabla ya 1950 kwa kawaida hazina kemikali ya kung'arisha weupe, kwa hiyo chini ya taa hubaki zimefifia. Ikiwaka buluu, jua umeuziwa karatasi ya juzi. Kwa vitu vya miaka ya 1960 na kuendelea taa haitakusaidia, kwa sababu kemikali ilishaenea, hapo rudi kwenye lenzi.

(Nikiwa bado na hasira: nyie wa mayadi ya kuuzia magari, acheni kutupa vitabu vya maelekezo vya Kijapani vinavyokuja kwenye droo za magari. Nimekula viazi vya karai vilivyofungwa kwa ukurasa wa gia za Toyota Probox. Leo mnacheka. Hata brosha ya 404 kuna aliyeifungia karanga.)

Sasa hoja ya huyu bwana kuhusu unyevu, kwa sababu najua kuna watakaomtetea. Unyevu ni kweli. Tunaishi kisiwani, karatasi hapa zinajikunja zenyewe. Lakini dawa yake si moto na gundi. Tafuta mfuko wa plastiki safi ya poliesta uliofunguka upande mmoja, karatasi ipumue, na itoke siku yoyote unapotaka kuitoa. Usitumie zile folda laini za PVC zenye harufu kali. Zikishapata joto zinatoa mafuta na kunata kwenye wino, utakuja kukuta gari limehamia kwenye plastiki. Pini zilizoshika kutu zitolewe taratibu, na zitunzwe, zisitupwe. Weka ndani ya boksi, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Vipakiti vyenyewe ni vya bure! Fungua boksi mara kwa mara uangalie mende. Gharama yote haifikii bei ya lamineti aliyonipigia.

Ninachotaka ni hiki. Pesa zangu zote zirudi. Na wasimamizi wa humu waweke sharti kwamba tangazo lolote la brosha, programu au kibati cha rali (kile cha namba ya gari la mashindano) liwe na picha ya nyuma, chini kabisa, pale kwenye msimbo. Kama kitu kimekatwa, kimepigwa lamineti, kimegundishwa selotepu au kimepakwa rangi upya, kiandikwe hivyo kwenye mstari wa kwanza. Mwenye kutaka kuuza mapambo auze mapambo, hakuna anayemkataza, ila asiandike "orijino, hali safi". Na nyie wazee mlio na masanduku ya karatasi za magari huko Majengo na Tudor, msimkabidhi mtu yeyote anayekwambieni "niletee nikutengenezee kidogo". Hapana cha kutengeneza. Iacheni na kutu yake.

Huyu bwana bado ana tangazo lingine hewani, brosha ya Datsun 1600 SSS, gari alilotwalia Herrmann Safari ya 1970. Picha ni mbili, jalada na katikati. Mwenye kuitaka amwulize nyuma ikoje, na asikubali kuambiwa haina vumbi.

NYONGEZA, baada ya isha: Ameniandikia. Yuko tayari kurudisha sh. 3,000. Zile 1,500 zilizobaki eti ni gharama yake ya lamineti na springi. Yaani nimlipe fundi aliyenivunjia! Nimemjibu kwamba nazitaka 4,500 zote, na brosha aje aichukue mwenyewe, ila ataikuta nimeandika nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika: IMEKATWA, IMEPIGWA LAMINETI. Amenitumia kile kikatuni cha kucheka.

NYONGEZA ya pili: Kaingieni kwenye tangazo lake la Datsun. Amelihariri sasa hivi. Chini ya "orijino, hali safi kabisa" ameongeza, "na haiingii maji".