Mjadala: Kibao cha spidi kwenye kona kiwe na namba moja kwa gari dogo na lori?

Nyuzi_Tano: Wakuu, kila lori likilala ubavu kwenye kona jibu ni moja: dereva mzembe, faili limefungwa. Mimi nasema kibao nacho kihojiwe. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 120, mwinamo wa barabara kuelekea ndani ya kona asilimia 8, kibao kinasema 60. Hesabu ya wachora barabara mnaijua: mwinamo kujumlisha msuguano ni spidi (km kwa saa) kwa kipeo cha pili, gawa kwa 127 mara nusu kipenyo. Inatoka 0.24. Ondoa 0.08 ya mwinamo, tairi zinadaiwa 0.16 tu. Raha mustarehe. Sasa pita na 80: inatoka 0.42, tairi zinadaiwa 0.34. Spidi imeongezeka theluthi, deni la tairi limezidi maradufu. Gari dogo linapita bila wasiwasi. Lori lenye mzigo uliopanda juu liko ukingoni, kani ya kukimbia kitovu inalisukuma nje, linalala. Namba moja itawafaaje wote wawili?

Tanjenti: "Kani ya kukimbia kitovu inalisukuma nje." Hapo ndipo nilipoacha kusoma. Nani anasukuma? Nionyeshe kamba, mkono, hata upepo. Kani ya mlalo ni ile ambayo barabara inaipa tairi, na inaelekea NDANI. Gari linataka kunyooka, barabara inalikatalia. Ukiachia jiwe unalolizungusha kwa kamba, halikimbii moja kwa moja kutoka kitovuni, linafuata tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaogusa duara pale ulipoliachia.

BoltiKumi: Watu wanazungumzia malori, wewe unasahihisha mtihani. Ukiwa ndani ya fremu inayozunguka na gari, yaani ukipima kila kitu kama mtu aliyekaa ndani yake, kani hiyo ni halali kabisa, ina fomula yake na hesabu inafunga. Mwanasayansi Huygens aliiandikia mwaka 1659, Principia, kitabu cha Newton cha kanuni za mwendo, ikatoka 1687. Kabishane na Huygens.

Tanjenti: Kanuni zake Huygens alizitoa 1673 bila uthibitisho, na andiko lenyewe lilichapishwa 1703, mwenyewe keshafariki. Halafu ukiingia kwenye fremu inayozunguka, beba na Coriolis, kani ya pembeni inayoonekana kwa kitu kinachosogea ndani ya fremu hiyo. Huchagui nyama ukaacha mifupa.

BoltiKumi: Coriolis ni sifuri kwa kitu kilichotulia ndani ya fremu. Dereva kafunga mkanda. Endelea.

MkonoMzito: Kama hakuna kinachosukuma nje, mashine ya kufulia inakamuaje nguo? Jibu kwa kifupi, professa.

Tanjenti: Pipa la nusu kipenyo cha sm 25, mizunguko 1,200 kwa dakika: mchapuko ni kama mita 3,950 kwa sekunde ya mraba, mara 400 ya mvutano wa dunia. Nguo ina ukuta wa kuisukuma kuelekea kitovu, kwa hiyo inapinda na pipa. Tone lililo kwenye tundu halina ukuta, na nyuzi za nguo hazina ubavu wa kulishika kwa kiasi hicho. Linanyooka, linatoka. Hakuna aliyelisukuma.

MamaMizani: Wanangu, mnabishana mwelekeo huku mashine zinavunjika kwa ukubwa. Sentrifuji ya maabara, mashine ya kuzungusha mirija ya sampuli, nusu kipenyo sm 10, mizunguko 3,000 kwa dakika: karibu mara 1,000 ya mvutano. Mrija mmoja ukizidi mwenzake gramu 1, ekseli inavutwa upande mmoja kwa kama nyutoni 10, sawa na kuning'iniza kilo nzima, na upande huo unazunguka mara 50 kila sekunde. Beringi haivumilii. Pimeni mirija kwa mizani, si kwa jicho, na ikae ikitazamana. Na andikeni mara ngapi ya mvutano, msiandike mizunguko peke yake. Rota, yaani kishikio cha mirija kinachozunguka, yenye nusu kipenyo tofauti inatoa jibu jingine kwa mizunguko ileile.

MkonoMzito: Mama, heshima yako. Lakini turudi kwenye lori. Lililojaa ndilo linashika barabara, tupu ndilo linateleza. Mzigo mzito ni usalama.

Nyuzi_Tano: Kwa kuteleza, uzito unajikata pande zote mbili za mlinganyo. Mara mbili ya uzito, mara mbili ya msuguano, mara mbili ya kani inayohitajika kupinda. Kimo ndicho hakijikati. Nusu ya upana kati ya tairi, gawa kwa kimo cha kitovu cha uzito, unapata kiwango cha deni la tairi ambacho gari likikifikia linapinduka: gari dogo, mita 0.75 kwa 0.55, ni 1.36. Tairi zinaachia kwenye 0.8 hivi, kwa hiyo linateleza kabla ya kupinduka. Lori, mita 1 kwa mita 2, ni 0.5 kwenye karatasi. Springi na tairi zikibonyea, kiwango hicho kinashuka chini ya 0.4. Tairi bado zimeshika vizuri na gari linalala. Tairi mpya hazikuokoi hapo.

BoltiKumi: Na hapo hujagusa lori la tangi la mafuta lililojaa nusu. Mafuta yanapanda ukuta wa nje wa kona, kitovu cha uzito kinahama kabla dereva hajahisi kitu.

MkonoMzito: Tangi lina bamba za kukata mawimbi. Ndiyo kazi yake.

Tanjenti: Bamba za kawaida zimewekwa kukatisha tangi kwa upana. Zinazuia wimbi la mbele na nyuma wakati wa breki. Wimbi la ubavuni linapita kama hakuna kitu. Afadhali tangi la vyumba: jaza kimoja hadi kiwango kinachoruhusiwa, kingine kiache kitupu.

MkonoMzito: Ukijaza cha nyuma tu, ekseli za mbele zinakuwa nyepesi, usukani haushiki. Professa amewahi kupakia tangi?

Tanjenti: Nani kasema cha nyuma? Soma nilichoandika, halafu ukokotoe mzigo wa kila ekseli ndipo uchague chumba.

BoltiKumi: Leo Tanjenti anaambia watu wakokotoe malori. Saa mbili zilizopita alikuwa anadai kamba na mkono.