Kwaya, isukuti, ohangla au dijei? Harusi ya Kisumu, wageni 300

Mwanakamati: Wadau, ibada ni saa nne asubuhi katika kanisa Katoliki, sherehe saa nane mchana kwenye uwanja wazi upande wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria. Bibi harusi ni wa Seme, bwana harusi wa Shinyalu. Nusu ya kamati inataka dijei afanye kila kitu, nusu inataka ngoma: isukuti ya Waluhya wa kwa bwana harusi na ohangla ya Wajaluo wa kwa bibi harusi. Nani anafaa wapi?

Kinanda_Parokiani: Kanisani mwondoeni dijei. Kwenye Misa nyimbo huimbwa, hazifunguliwi kutoka kompyuta, na paroko atataka kuona orodha mapema. Hata angeruhusu, kwaya ingeshinda kwa sababu ya maandamano. Pigeni hesabu: jozi sita za wapambe, kila moja ikianza sekunde 20 baada ya iliyotangulia, ni dakika mbili kabla bibi harusi hajatokea mlangoni. Akiingia kwa kucheza, ongezeni tatu. Wimbo wa kurekodi wa dakika nne utamwacha katikati ya njia. Kwaya hurudia kibwagizo mpaka afike. Mwekeni mtu mlangoni ampungie mkono mwalimu wa kwaya, maana anayeongoza huwa ameupa mlango mgongo.

Fundi_Nakuru: Uwanjani anzeni na umeme. Dijei hutosheka na njia nne za miksa, mashine ya kuchanganya sauti (mbili za muziki, mbili za maiki), na saa moja ya kufunga mitambo. Mkileta bendi yenye waimbaji watatu, magitaa mawili, besi, kinanda cha njia mbili na maiki nne za ngoma imeshakula njia 12, kwa hiyo miksa iwe ya 16 na wafike saa tano na nusu. Wakifika saa saba, watapima sauti wageni wakila.

Jenereta ya kVA 5 hutoa kama kilowati 4. Inabeba spika mbili za juu na mbili za besi bila shida, mpaka mtu wa jikoni achomeke birika la kilowati 2 kwenye waya huohuo. Hapo hotuba ya mzazi inakatika. Jikoni wapewe laini yao.

Ngoma_Khayega: Isukuti haina haja na waya. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na manyanga. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa hiyo msiifanye pambo la dakika tano. Iwapokee maharusi langoni, iwasindikize mpaka hemani, kisha inyamaze watu wale. Angalizo: ngozi hulegea kwa unyevu, na mvua ya alasiri hapo ziwani mnaijua. Ngoma zisilazwe kwenye nyasi. Zipashwe juani au kando ya moto kabla ya kupigwa.

Nyar_Seme: Ohangla nayo ina mitego miwili. Orutu, fidla ya Kijaluo, ina uzi mmoja na sauti nyembamba. Ukiiwekea maiki ya kusimama karibu na ngoma, maiki itashika ngoma tu. Ibanwe maiki ndogo kwenye chombo chenyewe. Pili ni pakruok: mgeni anatoa pesa, muziki unasimama, anajisifu yeye na ukoo wake. Kipindi cha dakika 40 kinafika saa moja na nusu bila mtu kutambua. Wekeni baada ya keki na hotuba, kamwe si kabla.

Fundi_Nakuru: Na MC asipite mbele ya spika na maiki mkononi. Ule mlio wa kutoboa masikio unatoka hapo, halafu fundi ndiye hulaumiwa.

Mwanakamati: Basi kwaya kanisani, isukuti langoni, ohangla baada ya keki. Dijei bado tunamhitaji?

Nyar_Seme: Ndiyo, kwa muziki wa chini wakati wa kula na pale wazee wanapoondoka. Mwulizeni kama ana nyimbo zake kwenye diski. Anayetegemea intaneti huko ziwani atawaaibisha.