Shati la marehemu baba liwe gauni la mtoto

Mama wa Nyalenda: Nina shati la pamba la marehemu baba. Kola imechakaa, mgongo bado mzima. Nataka kumshonea binti yangu wa miaka 3 gauni. Nianzie wapi?

Fundi wa Kibuye: Pole, dada. Lifue na kulipiga pasi kwanza. Mbele yenye vifungo igeuze iwe mgongo wa gauni, hutahitaji zipu. Upindo wa chini usiuguse, umeshashonwa vizuri. Mikono ifumue kwa wembe polepole, itatoa mikono midogo. Acha sentimita 1.5 za mshono, usibane. Watoto hukua mbio!

Mama wa Nyalenda: Asante sana. Na mfuko wa kifuani? Humo ndimo alimokuwa akiwawekea wajukuu peremende.

Bibi wa Kakamega: Mwanangu, huo usiutupe. Ushone mbele, chini kidogo, mkono wa mtoto uufikie.