Ni wivu au ni aibu? Naomba ushauri kuhusu maisha yangu na mwenzangu anayefanya kazi ya ngono

Mleta mada: Jirani wa Ukimya

Wanajukwaa, salamu kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, na leo ninaandika kwa sababu sina mtu wa karibu ninayeweza kumweleza jambo hili bila kumfichua mtu mwingine ambaye hajaniruhusu nimfichue.

Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kuishi na mwenzangu, ambaye anafanya kazi ya ngono. Alinieleza mwenyewe kabla hatujahamia nyumba moja, bila machozi na bila kujitetea. Alisema kwamba hakuna anayemshurutisha, kwamba kwake hiyo ni kazi inayompa riziki, na kwamba kama ninaona sitaweza kuishi na jambo hilo ni afadhali niseme mapema. Nilimjibu kwamba nitaweza. Sikumdanganya, kwa maana miaka miwili ya mwanzo niliweza kweli.

Mambo yaligeuka ndugu zangu walipojua. Tulikuwa tumewaambia kwamba anafanya kazi ya usiku katika mapokezi ya hoteli. Rafiki wa binamu yangu akamwona kwenye picha ya familia, akamtambua, akasema. Tangu hapo dada yangu hamleti tena mwanawe kwetu, ingawa mtoto huyo alikuwa akishinda kwetu kila mwisho wa juma, na mwenzangu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyetugombeza. Siku moja tunaambiwa kwamba mtoto ana mafua, siku nyingine kwamba amechoka. Mama akipiga simu huniuliza habari za kazi na za afya, kisha huaga, wakati zamani hakuwa akikata simu kabla ya kusema, "Haya, nipe mwanangu nimsalimie." Marafiki nao wamepata mzaha wao, wananiita marioo. Nina mshahara wangu, na kodi ya nyumba tunagawana nusu kwa nusu, lakini nimejikuta nikikimbilia kulipa kila kitu mbele ya watu, hata inapokuwa zamu yake, ili waone kwamba mkono unaotoa pesa ni wangu.

Ninachoona haya zaidi kukisimulia ni hiki kifuatacho. Anaporudi kutoka kazini huoga kwa sabuni ile ile kila siku, na mimi nimeanza kuichukia harufu yake. Wiki tatu zilizopita tulikuwa tukibishana kuhusu nani aliyesahau kulipa umeme, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kwani wewe unajua nini kuhusu uaminifu?" Hakujibu. Aliingia bafuni, akaichukua ile sabuni, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akaenda kulala. Tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu kubwa, kama wapangaji wawili wanaogawana jiko.

Mwezi ujao mdogo wangu anafunga ndoa, na nimeambiwa kwa upole kwamba itakuwa vizuri nikienda peke yangu. Bado sijamwambia mwenzangu. Ninampenda, lakini sijui tena kinachoniumiza ni wivu wa kawaida wa mtu mwenye mpenzi, au ni aibu mbele ya watu, na nadhani bila kulijua hilo sitajua nifanye nini. Naomba mawazo yenu.

Binti Nahodha

Kaka, pole. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo anayoifanya shemeji yetu, kwa hiyo nitasema nikiwa upande wa pili wa ukuta.

Kwanza niulize swali ambalo naona hakuna aliyeuliza kwenu: huyo rafiki wa binamu alimtambuaje? Mtu akimtambua mfanyakazi wa ngono kwa sura tu, katika picha ya familia, maelezo ya jambo hilo si mengi. Lakini nina hakika huyo bwana bado anakaribishwa vizuri kila mahali, na pengine harusini atakaa mstari wa mbele.

Sasa kuhusu swali lako. Fikiri kwamba mnahamia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayewajua wala atakayewajua. Yeye anaendelea na kazi yake, nawe na yako. Maumivu yatakayokuwa yamebaki ndani yako baada ya hapo ni wivu wako halali, na hayo ni ya kuzungumzwa na nyinyi wawili tu, wala hayahitaji kuonewa aibu. Yatakayokuwa yamepungua hayakuwa yako tangu mwanzo, uliyabeba kutoka kwa watu. Kwa jinsi ulivyoeleza, wivu ulipewa miaka miwili mizima ya kukutafuna na haukukutafuna. Ulianza kuumia pale dada yako alipoacha kumleta mtoto.

Nikueleze na upande wetu, kwa sababu nadhani hajakueleza. Sisi huyasikia matusi kabla hayajasemwa. Niliwahi kuishi na mtu mwema kabisa, na kila tulipokosana, hata kuhusu kitu kidogo kama mlango ulioachwa wazi, nilikuwa nikisubiri lile neno. Hakulisema kamwe. Nilimwacha nikiwa bado nalisubiri, kwa sababu nilichoka kusubiri. Wewe umelisema, na hilo ni baya, lakini angalau yeye sasa anajua lilipo. Maneno yako kuhusu uaminifu ndiyo yale yale aliyoyasikia barabarani, hospitalini na kwa mwenye nyumba wa zamani, isipokuwa safari hii yametoka kwa mtu pekee anayemwita kwa jina lake halisi.

Na katika hili la uaminifu umekosea hata kwa hoja. Mtu aliyekueleza kila kitu kabla hujahamisha godoro lako ndiye mwaminifu kuliko wengi tunaowajua.

Kauli Fupi

Mimi sitazunguka. Ndugu zako wana haki ya kujali heshima ya ukoo, na wewe una haki ya kupata mwanamke usiyegawana na watu. Achana naye kwa amani, uoe kwingine, na baada ya mwaka mmoja utakuwa umesahau.

Binti Nahodha

Ndugu Kauli Fupi, akitaka kuondoka ana haki hiyo, na mtu anayesema "nimejaribu, siwezi" simlaumu. Ninachoomba ni kwamba akiondoka asiondoke na siri ya mwenzake mdomoni. Wengi wetu tunaogopa kuachwa, lakini tunaogopa zaidi mtu aliyetuacha akiwa na hasira pamoja na namba ya simu ya mama yetu, ya mwalimu wa mtoto au ya mwajiri wa kazi ya mchana. Hofu hiyo huwafanya baadhi yetu kubaki katika nyumba ambazo tungepaswa kuwa tumezikimbia kitambo.

Muuguzi wa Zamu

Naomba nizungumzie jambo moja ambalo mleta mada hakuligusa, pengine kwa staha. Wafanyakazi wa ngono wengi hutumia kondomu na wateja lakini hawaitumii na mwenza wa nyumbani, na ukiwauliza sababu watakwambia kwamba hiyo ndiyo alama inayotenganisha kazi na mapenzi. Naielewa alama hiyo na siidharau. Matatizo huanza mmoja wenu anapotaka kondomu baada ya ugomvi kama huu wenu, kwa sababu ombi la afya husikika kama shutuma. Kwa hiyo lizungumzeni siku ambayo hamna ugomvi. Mpime wote wawili, kwa ratiba moja, siku moja. Ukimpeleka yeye peke yake utakuwa umeshatoa hukumu kabla ya majibu. Zipo pia dawa za kumeza za kujikinga na maambukizi ya VVU kabla ya hatari, zinazofanya kazi vizuri zikitumiwa kama ilivyoelekezwa, na zipo za dharura baada ya kondomu kupasuka, ambazo ni lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi.

Jambo jingine ni kwamba mgonjwa anayeogopa kuitaja kazi yake huondoka kliniki akiwa amepimwa nusu. Kisonono cha kooni, kwa mfano, mara nyingi hakina dalili yoyote, na kipimo cha mkojo hakikioni. Mhudumu asiyejua hatachukua sampuli ya koo, na mgonjwa anayejua atakavyotazamwa hatasema. Nimewaona wahudumu wenzangu wakibadilisha sauti katikati ya sentensi baada ya kusikia kazi ya mtu. Kama mtapata kliniki isiyobadilisha sauti, ishikeni, na wewe uende naye hata siku ambayo huna unachopimwa.

Msomaji wa Sheria

Mleta mada asidhani kwamba anaota. Mwaka 1963 mwanasosholojia Erving Goffman alieleza jinsi doa analopakwa mtu linavyomrukia pia aliye karibu naye, na miongoni mwa mifano yake alimtaja mwenzi wa mgonjwa wa akili, binti wa mtu aliyewahi kufungwa na familia ya mnyongaji. Alionyesha pia kwamba kwa sababu doa hilo huenea hivyo, watu huelekea ama kuukwepa uhusiano huo au kuuvunja. Ukimsoma utamwona dada yako humo, na mafua ya mtoto wake.

Katika suala hili sheria nazo zimesaidia kulisambaza doa. Huko Uingereza, kifungu cha 30 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 1956 kilimchukulia mwanamume anayeishi na kahaba kuwa anaishi kwa mapato yake, hadi mwanamume huyo athibitishe vinginevyo. Fikiri maana yake nyumbani: kugawana kodi nusu kwa nusu, kama mnavyofanya nyinyi, kunageuka kuwa kitu cha kujitetea nacho mahakamani. Neno marioo wanalokutania nalo marafiki zako ni mdogo wake neno kuwadi, na kuwadi ndilo sheria za namna hiyo zilimwita kila mwanamume aliyekuwa karibu. Desemba 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitengua kifungu cha aina hiyo kwa kuwa kiliwakumba hata madereva na walinzi waliokuwa wakiwaongezea wanawake hao usalama. Nchi hutofautiana sana, kwa hiyo jueni sheria ya mahali mlipo kabla ya kuandika majina mawili kwenye mkataba wowote.

Nikiruhusiwa kuongeza moja nje kidogo ya sheria: tarehe 2 Juni huadhimishwa kimataifa kuwa siku ya wafanyakazi wa ngono kwa sababu siku kama hiyo mwaka 1975 wanawake zaidi ya 100 waliingia katika kanisa la Saint-Nizier mjini Lyon, Ufaransa, wakipinga faini, vifungo na manyanyaso ya polisi. Maandishi ya bango lao yalisema kwamba watoto wao hawataki mama zao waende jela. Kati ya yote waliyoweza kuandika, walichagua watoto.

Mwana wa Mama

Nimelelewa na mama aliyefanya kazi hiyo, kwa hiyo nitasema kuhusu mtoto wa dada yako tu. Mimi sikuumizwa na kazi ya mama. Niliumizwa na nyumba ambazo nilikuwa nikicheza, kisha ghafla nikawa sikaribishwi, na hakuna mtu mzima aliyenipa sababu, nikadhani kwamba nimevunja kitu. Huyo mtoto alikuwa na mtu wake kila mwisho wa juma, na sasa hana. Mwulize dada yako anamweleza nini.

Mleta mada: Jirani wa Ukimya

Nimerudi, na samahani kwa kuchelewa kwa siku tano. Asanteni nyote, hata Ndugu Kauli Fupi, maana nilipousoma ushauri wake niliona jinsi nisivyoutaka.

Nilimwambia mwenzangu kuhusu harusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio au kwa ugomvi, na hakukuwa na kimojawapo. Alisema kwamba alishajua, kwa kuwa wifi yake alikuwa amemtoa kwenye kundi la maandalizi bila kumuaga. Kisha nikamwomba radhi kwa yale maneno, na nikajikaza nikamweleza kuhusu sabuni, kwa sababu niliona kwamba nisipoitaja nitakuwa nimeomba radhi nusu.

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Aliniambia kwamba sabuni ile hakuwa akiitumia ili kuniondolea harufu ya watu wengine, kama nilivyodhani. Kazini wana sabuni yao, na huoga huko kabla ya kutoka. Ile ya nyumbani aliichagua mwaka tulipohamia, akaiweka kwa ajili ya nyumbani peke yake, ili akiinusa ajue kwamba kazi imekwisha na yuko kwake. Mimi nilikuwa nimeigeuza kuwa ushahidi, mwaka mzima, bila kumuuliza.

Kliniki tumeweka miadi, kwa ajili yetu sote wawili. Kuhusu harusi, nilimwambia kwamba nisipoenda naye siendi, naye akakataa. Alisema hataki kuwa sababu ya kiti changu kubaki kitupu kwenye picha za mdogo wangu, na kwamba hana nguvu za kukaa saa sita akitazamwa. Kwa hiyo nitaenda peke yangu. Watakaoniuliza kwa nini hakuja nitawajibu kwamba aliombwa asije. Sitataja kazi yake, kwa kuwa hajaniruhusu, lakini sitasema tena kwamba ana mafua.

Dada yangu nilimwuliza kama Mwana wa Mama alivyoshauri. Alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akasema kwamba mtoto amemuuliza mara mbili. Hakusema alimjibu nini, nami sikumsukuma. Jana jioni nilinunua sabuni nyingine, ya aina ile ile, nikaiweka pale ilipokuwa.